Jina Ndani ya Gitaa

Birika la kahawa lilianza kukoroma jikoni kabla ya alfajiri, na Nieves akakimbia kulishusha lisije likamwamsha baba yake. Jana mzee alikuwa ameinamia gitaa la watu siku nzima; apumzike. Akajitupia shali yake nyekundu, akatoka kwenda kununua maandazi.

Soko la Granada lilikuwa limeshafurika. Kwenye foleni ya maandazi, mchukuzi mmoja aligeuka na kreti la nyanya, likamgonga kijana aliyevaa koti la rangi ya haradali, mwenye gitaa mgongoni. Nieves alisikia mbao ikilia.

"Limepasuka," akasema.

"Dada, hata hujaliona!"

"Nimelisikia. Baba yangu hutengeneza magitaa, na mimi pia. Mlete mgonjwa."

Ndivyo Fermín alivyoingia karakanani kwao. Kila siku alipita kuangalia gundi ikikauka, na asipopita alipiga simu.

"Mgonjwa wangu ameamkaje?"

"Kalala. Acha kusumbua wauguzi."

"Namsumbua mmoja tu, kipenzi."

Nieves alicheka, lakini moyoni alimchunguza. Mwanamume wa kwanza aliyempenda alikuwa na mke Málaga, naye aligundua baada ya miaka miwili.

"Fermín, umeoa?"

"Sijaoa. Nina gitaa tu. Mzee Casimiro wa Baza alinitengenezea mwenyewe, jipya, nikalisubiri miezi sita."

Siku ya tisa Nieves aliingiza taa ndogo na kioo ndani ya gitaa aukague ufa. Chini ya ubao wa juu, mahali ambapo macho hayafiki, palikuwa pameandikwa kwa penseli: *Kwa Araceli, mke wangu.*

Katika kazi yao, fundi haandiki neno kama hilo ndani ya gitaa jipya mpaka mwenye gitaa aagize. Akapiga simu.

"Araceli ni nani?"

"Nani?"

"Mkeo! Yumo humu tumboni mwa gitaa."

"Nieves, mimi nalipiga kwa nje. Sijawahi kuingia ndani."

"Endelea na mzaha wako."

"Naapa, simjui!"

"Hata yule aliyekuwa na mke Málaga aliapa."

Akakata. Simu ikalia siku tatu, hakupokea. Baba yake hakumdadisi. Alimmenyea chungwa tu, akaliweka karibu na mkono wake. Siku ya nne akasema, "Binti yangu, aliyeandika bado yu hai. Nenda ukamwulize."

Nieves akapanda basi la Baza, gitaa mapajani. Alipofungua mlango wa karakana ya mzee Casimiro, aliyeketi kigodani alikuwa Fermín, na koti lake lilelile, ndevu hazijanyolewa.

"Ahaa! Umekuja kupanga naye uongo wa Araceli!"

"Nimekuja kumwuliza huyo Araceli niliyeozeshwa ni nani!"

"Araceli hakujiandika mwenyewe!"

"Na mimi sikumwandika Araceli!"

Mzee Casimiro akaweka randa chini. "Ni wangu," akasema. "Araceli alinisugulia mbao miaka arobaini. Tangu afariki, kila gitaa namwandika ndani. Nilidhani hakuna atakayeona. Nisameheni, wanangu."

Nieves akamgeukia Fermín.

"Nimekuadhibu kwa kosa la mtu mwingine."

"Simu tu ungepokea. Nilitaka kukuuliza kama utakubali kuolewa na mimi."

"Uliza sasa."

Akauliza.

"Nimekubali," akasema Nieves, akimfunga kifungo cha koti kilicholegea. "Lakini macho yangu hayatalala."

"Nikague utakavyo, mpenzi."

Mzee aliwafungashia zabibu, akawasindikiza hadi mlangoni. Hakuuachia mkono wa Nieves.

"Jumapili mtakuja tena?"

"Tutakuja, mzee. Tukuletee nini?"

"Msilete kitu. Njooni tu, mmtaje kwa sauti kama mlivyokuwa mkigombana. Miaka tisa sasa, hakuna aliyelitamka jina lake humu ndani. Njooni, wanangu."