Miaka ya Methusela

Tegeni masikio, enyi wanafunzi wa shule zote! Hiki ni kisa kizito cha imani na ujasiri, nacho kilianzia mahali patukufu kupita kiasi: kwenye bomba la kufulia nyuma ya bweni la wasichana, katikati ya soksi zinazonuka.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Sindano, msichana wa miaka kumi na mitatu aliyepewa jina hilo kwa wembamba wake, alikuwa akisugua kola ya shati la sare. Mchana huo bweni lao lingeshindana na bweni la pili katika maswali ya Biblia, na bibi yake aliyemlea angekuja kutazama.

Wenzake wawili wa timu wakamjia. Mmoja alikuwa Twiga, mrefu kuliko wote, mwenyekiti wa kikundi cha maombi. Wa pili alikuwa Spika, ambaye hata akinong'ona husikika jikoni.

"Tazama muujiza!" Spika alisema, akimtandazia karatasi mbele ya macho.

Kabla hajageuza uso, Sindano alikuwa ameshasoma mstari wa kwanza: Methusela aliishi miaka mingapi?

"Haya ni maswali ya leo! Mmeyatoa wapi?"

"Jana nilikuwa na zamu ya kufagia ofisi ya mchungaji," Spika alijibu. "Nikakuta kapu la takataka limejaa neema, maswali pamoja na majibu yake."

"Huo ni udanganyifu."

Twiga akacheka. "Tangu lini kusoma Biblia kukawa dhambi?"

"Mwache, huyu ni mtume wa kumi na tatu," Spika alisema, kisha akapiga magoti kwenye maji machafu na kukunja mikono. "Mtume, tubariki na sisi wenye dhambi!"

Wasichana wote pale bombani wakaangua kicheko. Ni wale wale waliokuwa wamemshika mikono kwenye maombi ya jana jioni.

"Mimi siisomi," Sindano alisema. "Na nikiulizwa, sitadanganya."

Kicheko kikakatika. Twiga akainama mpaka sikioni mwake. "Ukifungua mdomo, usikanyage tena kwenye maombi. Wala mezani petu usikae. Utakula ukizungumza na ukuta."

Sindano hakuwa na marafiki wengine shuleni. Walipoondoka, aliendelea kusugua kola ile ile, nusura aitoboe.

Mchana ukumbi ulijaa. Bibi alikaa mstari wa mbele, mkoba magotini, akimpungia mkono. Jukwaani, kila mshindani alikuwa na kibao na chaki. Sindano aliomba kimoyomoyo swali lile lisiwepo.

Mchungaji akarekebisha miwani. "Swali la kwanza. Methusela aliishi miaka mingapi?"

Chaki zikaanza kukwaruza. Ya Sindano ililowa jasho kiganjani. Jibu alilijua tangu utotoni, na angeweza kuandika tu, nani angejua? Lakini swali alikuwa ameliona. Akainuka, magoti yakigongana.

"Mchungaji... swali hili nililiona kabla. Sitalijibu."

Twiga alimkazia macho ya kuunguza. Bibi hakupunga tena.

"Uliliona wapi, mwanangu?"

"Kwenye karatasi niliyoonyeshwa."

"Nani alikuonyesha?"

Sindano akakumbatia kibao chake. "Naomba waseme wenyewe."

Twiga na Spika wakainamia vibao vyao. Mchungaji akaamuru, "Wote geuzeni vibao."

Bweni la pili: 969. Twiga: 996. Spika: 996.

Mchungaji akavitazama vibao viwili vile. "Karatasi yenye 996 niliikosea wakati wa kuchapa," alisema taratibu. "Mlidhani niliitupa kwa nini?"

Ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko, isipokuwa Sindano, aliyekuwa akilia. Bibi akapanda jukwaani na kumshika mabega.

"Bado unatetemeka, mjukuu wangu."

"Niliogopa sana, bibi."

"Najua. Hata kule chini nilikuwa nayaona magoti yako."

Mchungaji akawageukia wanafunzi. "Kukataa ubaya mbele ya wasiomjua Mungu ni kugumu. Kukataa mbele ya wale unaoomba nao ni kugumu zaidi, maana watakucheka kwa kutumia Biblia ile ile. Mtoto huyu hakungoja hofu iishe ndipo awe mwaminifu. Fuateni mfano wake."

Bweni letu lilishindwa. Jioni Twiga alisogea kwenye benchi la chakula, akapigapiga nafasi iliyobaki, na Sindano akakaa.

Ndiyo, nimesema "letu". Mmeshanikamata. Spika ni mimi, na maji yale ya bombani yalikuwa baridi kweli magotini. Mchungaji ameniamuru niandike kisa hiki chote, nami nilidhani ningejificha ndani yake. Sindano, kule bombani nilicheka kwa sababu nilimwogopa Twiga. Wewe uliogopa kuliko mimi, na bado ulisimama. Nisamehe.