Nilisema Freni Iko Muzuri

Nina miaka thelathini na tisa, mama wa watoto wanne, mjane, na kazi yangu ni kuendesha gari. Ndiyo, mimi mwenyewe, kutoka Kasongo hadi Kabambare, matope au vumbi! Wanaume wa pale parkingi walinicheka wiki ya kwanza. Ya pili wakanyamaza.

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Ukinigusa kidogo nimeshawaka. Lakini leo sina hasira na mtu yeyote, ila na mimi mwenyewe. Kuna neno moja nililolisema mbele ya watu pale Lusangi, na tangu siku hiyo usingizi wangu si usingizi tena...

Marehemu mume wangu, Baba Riziki, aliniachia pikapu moja kuukuu. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba, sakafu ya nyuma ilikuwa na matundu, na taa moja haikuwaka. Alipokuwa hai hakuwa na mtu wa kumshikia funguo za boliti chini ya gari, basi nilimshikia mimi. Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Nikajua boliti, nikajua kichujio, na usukani akanifundisha mwenyewe.

Alipofariki, siku ya kumaliza matanga, familia ya mume walikaa kugawa vitu vyake. Kwetu ni hivyo. Mjane unakaa kwenye mkeka, kichwa chini, mdomo umefungwa, unasikiliza vitu vya nyumba yako vikitajwa kimoja kimoja. Baiskeli ikaenda. Redio ikaenda. Jirani yangu mmoja yalipomfika haya alitoka na sufuria zake tu! Mimi moyo ulikuwa kwenye pikapu. Watoto wangu wangekula nini bila ile gari?

Baba mukubwa, kaka wa baba mkwe wangu, alisema, "Gari ibaki kwa mujane kwanza. Tutaona kama ataiweza."

Tutaona! Neno hilo lilinichoma. Nilielewa kwamba siku gari itakaposimama, siku watu watakapoanza kusema imemshinda, watakuja kuichukua. Na ingeenda kwa nani? Kwa shemeji Amisi, mdogo wake marehemu, fundi wa magari mwenye garaji nyuma ya soko. Nani mwingine?

Basi nikajifunga kitenge kiunoni, nikaanza kuirekebisha mwenyewe.

Nilitoa sakafu ile ya matundu, nikapiga mbao ngumu. Kazi nzuri sana ile, hata leo nawashauri. Nilichomelesha vyuma vya pembeni ili watu wapate pa kushika, na ndoano za kufungia kamba. Bomba la kuvutia hewa nililipandisha juu mpaka usawa wa kioo, maana mito yetu wakati wa mvua haina huruma na injini. Nikabadilisha taa zote mbili. Watu wakaanza kugeuka kuitazama! Nilikuwa naendesha huku nacheka peke yangu.

Halafu nikafanya lile lililonipa kichwa kikubwa. Nilipata vyuma vya springi kutoka kwenye lori lililokufa, vile tunavyoviita malame, nikaongeza vitatu kila upande wa nyuma. Gari ikasimama juu!

Nieleze kidogo. Pale sokoni Kasongo wapakizi hawana mizani. Wanaangalia matako ya gari. Nyuma ikishuka mpaka ibaki ngumi mbili juu ya tairi, wanasema imeshiba, wanaacha kupakia. Gari yangu baada ya malame haikushuka. Wakaongeza gunia... haikushuka. Wakaongeza lingine...

"Mama Riziki, gari yako haishibi!" walinitania.

Na mimi nilifurahi, mjinga mimi! Sikujiuliza hata mara moja: kama springi zimepata nguvu, je, freni nazo zimepata nguvu?

Aliyejiuliza ni Amisi. Alipita nyumbani Jumamosi moja nikiwa naosha gari. Akachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, akaingiza kidole ndani, akakinusa.

"Mama Riziki, hii gurudumu inavuya mafuta ya freni," akasema. "Na vile umeongeza malame, muzigo iko mingi kuliko freni. Unipatie gari siku mbili tu, kule kwa garaji."

Siku mbili! Damu ilinipanda. Mbele yangu sikuona fundi, niliona mrithi amekuja na ujanja.

"Siku mbili kwako, halafu inabaki kwako milele!" nikamkemea. "Munaona mujane hana mutu? Mutangojea sana! Nitatengeneza miye mwenyewe."

Akapangusa kidole kwenye suruali, akasalimia watoto, akaenda zake.

Na nilitengeneza kweli... Ule mrija mdogo wa mafuta ya freni unaoenda kwenye gurudumu lililovuja niliukunja, nikaupiga nyundo mpaka ukafunga. Uvujaji ukaisha! Lakini gurudumu hilo nalo halikuwa na freni tena. Nilijua. Nikajiambia, yako mengine matatu. Mafuta ya freni kwenye kopo yalikuwa yamepungua, na siku hiyo madukani hayakuwapo. Nilishaona madereva wakijaza maji ya sabuni. Nikachanganya, nikajaza.

Kumuomba Amisi mafuta kidogo? Bora nife!

Siku ya safari tulipakia mchele, mabidoni ya mafuta ya mawese na samaki wakavu waliotoka Nyangwe. Juu ya mzigo walipanda watu kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa rafiki mkubwa wa mama mkwe wangu. Mara nikamwona Amisi anakuja na mfuko wake. Alikuwa anaenda kilioni Kabambare. Ningemkatalia vipi mbele ya watu? Akapanda nyuma kabisa, karibu na kigogo cha mti tunachokitumia kuzuia gurudumu.

Kabla ya Lusangi, kijiji cha njiani, kuna mteremko mdogo. Nikakanyaga freni... mguu ukazama! Nikapiga pedali mara ya pili, ya tatu, ikarudi. Jasho lilinitoka mgongoni. Nikatazama kwenye kioo kama kuna aliyeona.

Tulisimama Lusangi watu wanywe maji. Amisi akaja dirishani kwangu, akainama, akasema kwa sauti ya chini sana, "Mama Riziki, nimesikia unapiga pedali mara tatu. Freni iko muzuri?"

Wasomaji wenzangu, ingenigharimu nini kusema hapana? Tungelala pale Lusangi. Yeye angelala chini ya gari, mimi ningemshikia funguo, basi. Lakini rafiki wa mama mkwe alikuwa juu, masikio yamesimama. Nilisikia tayari maneno yatakavyofika Kasongo: mujane imemshinda.

Nikajibu kwa sauti kubwa, wote wasikie, "Freni iko muzuri! Kama unaogopa, shuka utembee!"

Watu wakacheka. Amisi hakucheka.

Mbele ya Lusangi kuna mteremko mrefu wenye makorongo, na chini yake daraja la magogo. Kwetu kila mtu anajua desturi. Kwenye mteremko kama huo abiria wanashuka, wanatembea nyuma, na mtu mmoja anafuata gurudumu na kigogo mkononi. Tulipofika juu, nikasikia Amisi anagonga paa la kabini.

"Watu washuke?"

Kuwashusha ilikuwa kama kukiri. Nikasema, "Wabaki!"

Wakabaki, wale mama na mizigo yao, na mmoja alikuwa ananyonyesha. Ila Amisi alishuka peke yake. Kwenye kioo nilimwona anatembea kando ya gurudumu la nyuma, kigogo kifuani, macho kwenye tairi.

Nilianza kwa gia ya kwanza. Nikakanyaga, ikashika. Nikakanyaga tena, ikashika kidogo. Katikati ya mteremko nikakanyaga... hakuna! Nilipiga pedali mara tano, mara kumi. Hakuna kitu, kama kukanyaga kitambaa. Maji yale ya sabuni yalikuwa yamechemka kwa joto la freni. Nikavuta freni ya mkono, nayo ilikufa zamani. Gia ikachomoka. Mzigo ukatusukuma.

"Amisi!" Ni hilo tu nililoweza kulia. "Amisi eee!"

Alikimbia. Nilimwona kwenye kioo anakimbia na kigogo. Akakitupa chini ya tairi, tairi likakiruka. Juu watu walikuwa wanapiga kelele, bidoni moja likaanguka likapasuka. Akakiokota tena, akatupita, akapiga magoti mbele ya lile gurudumu, akakisukuma ndani kwa mikono miwili.

Gari iliruka upande, ikagonga ukingo wa udongo, ikasimama. Hakuna abiria hata mmoja aliyekufa. Hata mtoto yule wa kunyonya alikuwa analia tu, mzima.

Lakini mguu wa Amisi ulikuwa chini ya tairi.

Sitaeleza niliyoyaona. Wanaume waliinua gari, wakampakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, wakarudi naye Kasongo. Na mimi, je? Mnajua nilifanya nini nilipobaki na gari? Nilifungua boneti, nikayakausha yale maji ya sabuni kwa kitenge changu ili mtu asiyaone! Damu ya mtu iko barabarani, na mimi nafuta ushahidi! Shetani yuko wapi kama si hapo?

Walimkata mguu chini ya goti.

Alipotoka hospitali familia ikakaa. Baba mukubwa akauliza, "Tunataka kujua. Freni ya gari ilikuwa inafanya kazi?"

Amisi alikuwa kwenye kiti, bandeji mpaka gotini. Akanitazama mara moja tu.

"Freni ilikuwa muzuri," akasema. "Miye niliteleza."

Nami nikanyamaza... Nilinyamaza! Yule rafiki wa mama mkwe akashuhudia kwamba kweli, alinisikia Lusangi nikisema freni ni nzima. Baba mukubwa akasema nimeiweza gari, ibaki kwangu. Mke wa Amisi, Mama Faila, akanikumbatia. Alisema Mungu aliniponya ili watoto wangu wasibaki yatima.

Miezi yote iliyofuata Mama Faila aliniita dada. Nami nilimpelekea mchele, kana kwamba mchele huotesha mguu! Siku moja tulikuwa tunatwanga sombe, majani ya muhogo, uani kwake, akaanza kuzungumza yake bila nia mbaya.

"Unajua, siku ile ya matanga, kabla ya kukuita kwa mukeka, walitaka kumupatia Amisi ile gari," akasema. "Ni yeye alikataa. Alisema watoto ya yaya wake, mukubwa wake marehemu, watakula nini? Hata tulizozana naye nyumbani."

Mchi ulinitoka mkononi.

Mtu niliyemwita mwizi moyoni mwangu ndiye aliyeniachia gari! Zile siku mbili alizoomba zilikuwa siku mbili kweli. Nilikaa chini kwenye majani ya sombe, nikamwambia Mama Faila yote: mrija niliouponda, maji ya sabuni, pedali iliyozama kabla ya Lusangi, kitenge. Sikuficha hata kimoja. Hakupiga kelele. Alimbeba mtoto wake Faila, akaingia ndani, akafunga mlango.

Jioni hiyo hiyo nilimpelekea baba mukubwa funguo na kumweleza. Familia ikampa Amisi gari, na safari hii hakukataa. Aliitengeneza freni gurudumu kwa gurudumu, amekaa kwenye mkeka na mguu wake mmoja umenyooka, akatoa na malame yangu mawili kila upande. Halafu akaniita.

"Gari iko yangu sasa," akasema. "Lakini pedali ziko tatu, na miye niko na muguu moja. Utaendesha weye."

Ninaendesha mpaka leo. Watoto wanakula. Mama Faila hajanisalimia tangu siku ile ya sombe. Nikipita mlangoni kwake anageuza uso. Simlaumu. Ningekuwa yeye, ningefanya mabaya zaidi.

Wenzangu mlio na magari ya zamani, nawaomba kwa machozi. Tengenezeni, si vibaya! Pigeni mbao, pandisheni bomba la hewa, wekeni taa. Lakini anzeni na freni, na msiongeze nguvu ya kubeba kabla ya nguvu ya kusimama. Maji ya sabuni ni ya nguo! Mguu ukizama kwenye pedali, washusheni watu, hata kama watawacheka mpaka Kabambare.

Na mtu akija kukuambia gari yako ina kasoro, hata awe mtu unayemchukia, usikae ukijiuliza anatafuta nini kwako. Lala chini ya gari, uangalie.