Bei Chini ya Shuka

Maow alikuwa na hasira tangu asubuhi, na jua lilipoanza kuzama juu ya soko la mifugo la Garissa, hasira ilikuwa imemfika kooni. Kutwa nzima ameshika baiskeli. Kutwa nzima watu wanamtajia bei za matusi.

"Elfu nane," Salah, dalali mwenzake, alimwambia akifunga safari ya kwenda kwake. "Hii imezeeka, walaal, ndugu yangu. Hata duka ya sipea haina tairi yake."

"Elfu nane ni mbuzi mmoja," Maow alifoka. "Tena mbuzi mgonjwa. Nenda zako."

Kwa hilo hakukosea. Baiskeli ile si ya kubebea mitungi ya maji. Ni ya safari ndefu, chuma kizito, gia ishirini na saba, keria mbele na nyuma. Mzungu aliyeshindwa na joto ndiye aliyemuuzia Abdinur, mdogo wake Maow. Abdinur akaiendesha miaka minne, akipeleka dawa za ngamia hadi kwa wafugaji wa Balambala. Mvua za mwaka jana, Mto Tana ukafurika ukamchukua. Baiskeli ilikutwa ukingoni, imeegemezwa kwenye mti. Mwili haujaonekana mpaka leo.

Mjane wake, Weris, ameachiwa watoto watatu. Alimkabidhi shemeji yake baiskeli kwa maneno machache: "Uza kwa bei ya haki, walaal. Ni mali ya mayatima."

Sasa sikilizeni haki ya Maow. Alijua fika kwamba baiskeli ile inafika elfu arobaini. Na tangu nyumbani Galbet alikwisha kuamua kwamba Weris ataambiwa kumi na tano. Ndiyo maana zile bei za chini zilimchoma. Zilikuwa zinakula fungu lake. Watu wa namna hii hukasirika kweli kweli, utadhani wao ndio walioibiwa.

Adhana ya magharibi ikaisha. Soko likabaki vumbi na samadi.

Ndipo harufu ilipobadilika.

Tope. Tope bichi la mto... na mvua haijanyesha miezi miwili.

Mtu mrefu alikuwa amesimama upande wa pili wa baiskeli, kilemba kimemfunika uso. Hakusalimia. Alitandaza shuka juu ya kiti cha baiskeli, akangoja. Maow akaelewa. Ndivyo wazee wanavyonunua ngamia: mkono wa muuzaji na wa mnunuzi hukutana chini ya shuka, vidole vinabanwa, kila kidole elfu kumi, na wapita njia hawasikii kitu. Adabu yake ni moja tu, hutazami chini.

Maow akaingiza mkono bila kutazama, bila hata kuuliza jina.

Ukashikwa. Mkono ulikuwa baridi. Umelowa.

Kidole kimoja kikabanwa... cha pili... cha tatu... cha nne.

Arobaini. Maow alitaka kucheka. "Nimeuza," alinong'ona.

Mkono haukumwachia. Ulilegea, ukaanza upya. Ukabana kidole kimoja... na nusu ya cha pili.

Kumi na tano.

Hesabu hiyo hakuwahi kumtajia mtu.

"Nani kakwambia?" Alikasirika, kwa sababu Maow akiogopa hukasirika. "Niachie. Mimi ndiye niliyepigwa na jua na baiskeli hii. Sina changu?"

Maow akamtazama mnunuzi vizuri kwa mara ya kwanza. Mkono wa kushoto wa mtu yule ulikuwa kwenye usukani. Wa kulia ulikuwa kwenye keria.

Yote miwili ilikuwa juu.

Chini ya shuka, vidole vikazidi kukaza. Mifupa ikalia.

"Arobaini," Maow alisema. "Wallahi, nitampa Weris arobaini yote."

Vidole vinne vikaachiwa. Gumba, kidole cha tano, likabaki limeshikwa.

Bei haikuwa hamsini. Maow alijua gumba lile linadai nini. Mbuzi kumi na mmoja wa marehemu, ambao Maow aliwauza mwezi wa Ramadhani, akamwambia Weris kwamba wamekufa kwa maradhi.

"Yale yameisha, Abdinur," alinong'ona, na jina likamtoka kabla hajalizuia. "Mimi ni kaka yako. Huna aibu?"

Upepo ukapita na vumbi, akafumba macho. Alipofumbua macho hapakuwa na mtu wala baiskeli, ila alama za magurudumu kwenye vumbi, zikielekea mtoni. Mfukoni mwake mlikuwa na elfu arobaini kamili, noti zimelowa chepechepe.

Weris alizianika kwenye kamba. "Mungu akulipe, walaal," alisema. "Nani amenunua?"

"Mgeni tu."

Mbuzi hakuwataja.

Siku hizi kazi ya udalali inamshinda. Kila akiingiza mkono chini ya shuka, kabla ya mkono wa mteja upo mwingine unaomngoja, baridi, unashika gumba. Sasa anataja bei kwa mdomo mbele ya soko zima. Salah anamcheka, naye anafoka. Jumanne ukucha wa gumba ulitoka, na chini yake mlikuwa na tope bichi. Alikwenda kwa shekhe, akaambiwa arudishe cha watu. Akatoka amenuna. Mbuzi wale, anasema mpaka leo, ni jasho lake, na maiti hana la kumwamuru.

Jana jioni kidole cha shahada nacho kilianza kulowa.