Zamu ya Mwenye Mtalawanda

Palizidi kiatu kimoja. Balaa lilianza hivyo tu, bila kilio na bila kivuli ukutani: kiatu kimoja cha mti, ndani ya foleni ya watu wasiojua foleni ni kitu gani.

Nianze na watu hao, jini tutamfikia. Na tukisema kweli, katika kisa hiki jini ndiye aliyekuwa na adabu kuliko wote. Wiki ya Idi Kubwa, Abdulatifu wa Lindi mjini alileta gurudumu la kupandia pale Mingoyo, hatua chache kutoka njia panda. Lilikuwa gurudumu la chuma lenye viti kumi na viwili, rangi nyekundu imepakwa juu ya kutu, na jenereta lake lilikohoa mchana kutwa. Ukipanda ukafika juu unaona minazi, mapaa ya bati na mabasi ya Mtwara yanakata kona. Basi, hakuna kingine. Kwa ajili ya hayo watu wazima walikanyagana. Bwana mmoja mwenye ndevu za heshima alimbeba mtoto wa jirani ili apite kwenye mstari wa wenye watoto, na alipofika mbele akamtua mtoto chini, akapanda yeye. Siku ya kwanza walivunja uzio mara mbili, na ya pili Abdulatifu akamwajiri Romana.

Romana alikuwa mjane wa makamo, mtu wa Kiranjeranje, aliyehamia Mingoyo na binti yake wa pekee, Stella, mwenye miaka saba. Kule kwao alisimamia bomba la maji miaka sita. Bomba lile lilitoa maji saa mbili tu kwa siku, kwa hiyo watu walipanga ndoo tangu alfajiri, na asiye na ndoo ya kuacha aliweka jiwe au kandambili moja, akaenda zake shambani. Jiwe lile ni mtu. Ukilisogeza umemsogeza mwenyewe, na kwa kosa hilo Romana hakuwa na msalie mtume.

Alipofika kwenye gurudumu alichimbia miti, akazungusha kamba ya katani kwenda na kurudi mara tano, ili foleni ndefu ikae mahali padogo, na mtu kila akigeuka aone gurudumu mbele yake asikate tamaa. Lango akaliacha jembamba, la mtu mmoja. Na kwa kuwa jua lilikuwa kali, akaruhusu desturi ya bombani: acha kandambili yako, nenda kivulini, wa nyuma yako atakusogezea. Yeye mwenyewe aliketi langoni na kandambili zake za kijani, ile ya kushoto imeshonwa kwa uzi wa bluu wa nyavu. Mambo yakatulia nusu siku nzima. Nusu siku ndiyo ustaarabu wote tuliojaliwa.

Siku ya tatu, jua la utosi, watu wote wamekimbilia kivulini, Romana aliona mtalawanda mkiani mwa foleni. Ni vile viatu vya mti walivyovaa bibi zetu kwenda msalani. Ulikuwa mmoja tu, wa mguu wa kushoto, nao ulikuwa umelowa chapachapa, na mvua Mingoyo ilikuwa imekwisha zaidi ya mwezi. Ulinuka tope la kisima kisichofunuliwa miaka mingi. Aliuliza ni wa nani, hakuna aliyeitika. Akauacha, kwa sababu jiwe ni mtu.

Foleni ikasogea. Waliokuwa nyuma ya mtalawanda waliapa kwamba hawakuugusa, lakini kila watu walipopiga hatua, nao ulikuwa mbele hatua moja, na kwenye udongo ule mkavu ilisikika sauti ndogo. Ko. Romana alidhani ni jenereta. Mtu akitaka kujidanganya hakosi jenereta.

Mtalawanda ulipofika langoni, mwenyewe hakutokea. Wakati huohuo Stella alikuja na sahani ya wali wa mama yake, na macho yake yote kwenye gurudumu. Siku mbili alikuwa akiomba apande, siku mbili akiambiwa apange foleni kama watoto wenzie. Romana alitazama kulia, akatazama kushoto. Mtu yuleyule aliyewafukuza wanaume wazima kwa fimbo akainua kamba, akausukuma mtalawanda pembeni kwa kidole cha mguu, akamnong'oneza mwanawe apite upesi. Mkuki kwa nguruwe, walisema wenye kujua.

Stella alipanda akicheka. Mzunguko wa kwanza alipunga mkono. Mzunguko wa pili, kiti chake kilipofika juu kabisa, kicheko kikakatika ghafla, na kiti kikaanza kushuka kimelalia upande mmoja, kama kimepakia watu wawili, na wa pili ni mzito kuliko mtoto. Aliposhuka nywele zake zilikuwa zinachuruzika maji. Mama alimwita, hakugeuka. Alipita pembeni mwa kamba zote tano mpaka mkiani, akasimama nyuma ya mtu wa mwisho, mikono ubavuni. Romana alimkimbilia, akamshika bega, akakuta ni la baridi.

"Bado, mama," Stella alisema taratibu. "Zamu yangu haijafika."

Walimbeba mpaka nyumbani, wakamweka kitandani, akainuka, akasimama ukumbini uso umeelekea ukutani. Alisimama hivyo jioni ile na kesho yake. Akiwekewa uji anasema zamu yake ya kula bado. Maji alikubali kijiko kimoja kimoja, tena kwa kubembelezwa. Na kila baada ya muda, bila mtu kumgusa, alisogea nusu hatua, pekupeku juu ya sementi, na sementi ile ikajibu ko, na Romana aliyekaa mlangoni akisali rozari akapoteza hesabu ya tasbihi akaanza upya, akapoteza tena, mpaka vidole vikafa ganzi naye hajui amesali au amenung'unika tu. Mashavu ya mtoto yalianza kuingia ndani. Majirani walikuja kutoa pole, wakasukumana dirishani kupata pa kuchungulia.

Jirani yake Martina ndiye aliyemleta mzee Dadi kutoka Sudi. Dadi hakuwa na vibuyu wala shuka nyekundu, maisha yake yote alikuwa fundi baiskeli, na majini aliyajua kama alivyojua pancha: hakuyachukia, aliyatafutia tundu. Romana alimwamkia shikamoo kwa sauti ya chini, naye akaitika marahaba bila kuuondolea macho ule mguu wa mtoto uliolowa. Kisha akataka kuonyeshwa uwanja. Huko aliukuta mtalawanda umerejea wenyewe mkiani mwa foleni, akauliza palikuwa na nini zamani. Abdulatifu, kwa aibu, akasema palikuwa na kisima cha kale, akakifukia kwa kifusi ili gurudumu likae sawa.

Waliporudi Dadi aliongea kwa kunong'ona, asije akasikiwa na aliye ukutani. Alisema jini yule alikuwa pale kisimani akingoja zamu yake ya maji, miaka isiyojulikana, watu walipomfukia. Hakumdhuru mtu. Aliona foleni nzuri imepangwa juu ya kichwa chake, akaingia kwa adabu, akaweka kiatu. Ndipo mtoto akaichukua nafasi yake.

"Ni moja kati ya mambo mawili litakalomfungua Stella," alisema. "La kwanza, apewe zamu yake, kwa mstari, asirukwe na mtu. Akishapanda ataondoka na heri. Akirukwa, atarudi mkiani kuanza upya."

"Na la pili?" Romana aliuliza.

"La pili, mwingine aichukue nafasi yake kama alivyoichukua mtoto. Hilo usilifanye, mwanangu. Jini huyu anamjua anayefungua kamba."

Zilikuwa zimebaki siku mbili Abdulatifu avunje gurudumu alipeleke kwingine. Alitangaza kwa kipaza sauti kwamba kuna mtoto hatarini, kwamba wanaombwa jambo moja tu, dogo, la bure: wasiruke foleni mpaka mtalawanda upande. Watu waliitika amina. Wanawake walilia. Mimi nikisikia umati umeitika amina kwa kauli moja najua kila mmoja amemwachia mwenzake utekelezaji.

Mara ya kwanza mtalawanda ulifika kona ya nne, ko, ko, na yule mama aliyelia kuliko wote akapenya chini ya kamba, kwa sababu ameacha maharage jikoni. Kufumba na kufumbua mtalawanda haupo; umerudi mkiani. Mara ya pili ulifika kona ya tano, na mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa miwani na kofia, akaruka akisema yeye hana muda wa ushirikina, basi la Mtwara linamngoja. Basi halikuwepo. Alishuka, akanunua miwa, akakaa kuitafuna palepale.

Siku ya mwisho Stella hakukubali tena hata kijiko. Martina alimbeba mpaka uwanjani, wakamsimamisha mkiani, na akasimama kwa sababu kusimama ndilo lililobaki kwake. Jua lilikuwa utosini. Mtalawanda ulipanda kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, na watu safari hii waliogopa kweli, maana harufu ya tope ilikuwa imetanda uwanja mzima na hakuna aliyetaka kusimama karibu, ukapita ya nne, ukapita ya tano, ukafika langoni. Mbele yake palikuwa na msichana mmoja. Akipanda yeye, kinachofuata ni zamu ya mwenye mtalawanda.

Hapo akaja Yassini. Huyu alikuwa kijana wa bodaboda, ameruka foleni tangu siku ya kwanza, kila siku, wala si kwa haraka, kwa starehe tu. Alikuwa na simu mkononi, anajirekodi. Alivuka kamba ya nne, ya tano, akafika langoni akicheka.

"Oya maza, kwani hiki kiatu nacho kina tiketi?" alisema. "Mimi napita mbele ya huyu dada."

Akipita mbele, mtalawanda unarudi mkiani, na kesho hakuna gurudumu. Romana angeweza kumzuia. Fimbo ilikuwa mapajani, Abdulatifu alikuwa hatua kumi, sauti moja tu angefika. Lakini alimtazama Stella kule mkiani, shingo imepinda kama ua lililokosa maji, akamtazama huyu mwenye simu na meno yake yote nje, akakumbuka maharage, akakumbuka miwa, akakumbuka amina yao, na chuki ikampanda kifuani, chuki safi, ya kustarehesha, akajua analotaka kulifanya na akajua kwamba halifanyi kwa ajili ya mtoto peke yake. Alimruhusu msichana apande. Akausukuma mtalawanda pembeni kwa kidole cha mguu. Akainua kamba.

"Pita, baba," alisema kwa upole. "Nafasi hiyo hapo ni yako."

Yassini alipanda akiiongelesha simu. Mzunguko wa pili, kule juu, kicheko kikakatika, simu ikaanguka, kiti kikashuka kimelalia upande. Na mkiani Stella akakaa chini puu, akaangua kilio, akaomba uji. Watu walipiga vigelegele, wakamzunguka mtoto, wakasukumana wamwone. Hakuna aliyemwangalia Yassini akipita nyuma yao, analowanisha vumbi, anakwenda kusimama mahali pa mtu wa mwisho. Dadi alimwona. Aliokota baiskeli yake akaondoka bila kumuaga Romana.

Kesho yake gurudumu lilivunjwa, miti ikang'olewa, kamba ikakunjwa. Yassini hakuondoka. Alibaki kwenye uwanja mtupu, akifuata kona tano ambazo hazipo, hatua kwa hatua, anageuka pale pale kamba ilipogeukia. Akifika langoni anarudi mkiani. Mama yake alimletea uji na mwavuli. Mingoyo wakasema ni bangi, wakaridhika, kwa kuwa jibu hilo halimdai mtu chochote.

Shule zilipofunguliwa Stella alikuwa amenenepa, anaimba. Romana alimpeleka asubuhi na kumfuata adhuhuri, na njiani alizunguka mbali asipite uwanjani. Ikaja siku moja hakuiona kandambili yake ya kushoto mlangoni. Alilaumu mbwa, akaazima ndala za Martina, na kwa kuwa alikwishachelewa, akakatiza uwanjani.

Yassini alikuwa kona ya tano, amekonda, midomo imepasuka. Nyuma yake, hatua moja, juu ya nyasi kavu, palikuwa na kandambili ya kijani iliyoshonwa kwa uzi wa bluu. Ilikuwa imelowa. Romana alisimama. Alitaka kukimbia, akasikia maji ya baridi yanapanda taratibu kwenye unyayo wake wa kushoto, na harufu ya tope ikamjaa puani, na kutoka shuleni, mbali, kengele ya kutoka ikalia, na akajua Stella amesimama getini anaangalia njia.

Yassini aligeuka kwa adabu, adabu ambayo hakuwa nayo alipokuwa mzima.

"Shikamoo, mama," alisema. "Nafasi yako hii hapa. Tumekushikia."

Kisha foleni ikasogea, na Romana akausikia mguu wake mwenyewe ukipiga hatua. Ko.