Fundo la Tatu

Bosi Mdogo hakuwa bosi wa mtu yeyote. Alikuwa karani wa mapokezi, na jina hilo wenzake walimpa kwa sababu ya mwendo wake: kidevu juu, suruali imenyooka, viatu vinang'aa hata siku ya matope. Walimtania, naye akalipenda jina. Mtu akipenda utani wa namna hiyo, ujue kuna kitu anakificha.

Siku moja viatu vilimuumbua. Alikuwa anavuka ukumbi na faili mkononi, mkurugenzi anamtazama, soli ya kulia ikaachia kwa mbele, kiatu kikafungua mdomo. Pwata. Pwata. Pwata. Mpaka mezani. Wenzake wakainamia karatasi zao, mabega yanatikisika kwa kicheko.

"Kesho tuna wageni," mkurugenzi alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma. "Wewe ndiye mtu wa kwanza watakayemwona. Tafuta viatu vya maana."

Basi alipotoka kazini, jua linazama, akaanza kuzunguka madukani. Duka la kwanza viatu vilikuwa vya kupendeza, lakini vya gundi tupu. Duka la pili vilibana vidole, muuzaji akaapa kwamba vitaachia. Aliambiwa hivyo hivyo kuhusu hivi alivyovaa, navyo viliachia kweli, mbele ya mkurugenzi.

Alijua kuchagua kiatu, ila hakupenda ijulikane. Alikulia chini ya meza ya fundi viatu, akichezea visigino vilivyong'oka. Alijua kwamba kiatu cha kazi hushonwa, hakibandikwi tu. Kwamba ndani kiwe na bitana ya ngozi ya kunyonya jasho, na mbele ya kidole gumba ibaki nafasi ya upana wa kidole. Alijua yote hayo, na miaka yote alinunua vinavyong'aa.

Kati ya duka la vitambaa na duka la dawa aliona mlango mwembamba. Hakuwahi kuuona. Harufu ilimfikia kwanza... gundi, nta, ngozi. Na nyuma yake harufu nyingine, ya mafuta ya kuchua kifua.

Akasita.

"Ingia," sauti ilinong'ona. "Kaa. Vua."

Mtu alikuwa kwenye kigoda, ameupa mlango mgongo, ameinamia kazi. Taa ilikuwa nyuma ya rafu na uso haukuonekana. Alikohoa. Kikohozi kifupi, mara mbili, kisha kimya.

"Umekuja saa nzuri. Mguu hupimwa jioni, ukiwa umesimama kutwa, umevimba. Mguu wa asubuhi hudanganya."

Bosi Mdogo alikaa, akavua viatu. Maneno hayo alikuwa ameyasikia utoto wake wote.

Mkono ukanyooshwa kwa nyuma, bila mwenyewe kugeuka. Vidole vyeusi kwa nta vikapitisha kamba chini ya unyayo wake. Vilikuwa baridi. Kamba ilikuwa na mafundo mawili, moja la mguu wa kulia, moja la mguu wa kushoto.

"Wa kushoto umezidi," sauti ikasema. "Unene wa ukucha."

Hilo walilijua watu watatu tu: yeye, mama yake, na baba yake aliyeifunga kamba ile kwa mafundo yale. Na kamba hiyo mama aliifunga kwenye mkono wa marehemu baba siku ya mazishi. Bosi Mdogo aliiona kwa macho yake ikifukiwa.

Angekimbia. Lakini miguu ilikuwa mitupu, na aibu ilikuwa nzito kuliko woga.

Maana miezi mitatu nyuma baba yake alikuja ofisini. Alikuja bila taarifa, shati limelowa jasho, vidole vyeusi, amekumbatia kifurushi cha gazeti. Wenzake Bosi Mdogo walikuwa wamesimama pale mapokezi. "Nani huyo?" mmoja aliuliza. Naye, bila hata kufikiri, akajibu, "Fundi tu. Kaniletea viatu."

Mzee alisikia. Alisimama kidogo kando ya benchi la wageni. Kisha akaja akaweka kifurushi mezani kwa mikono miwili.

"Asante, bosi," akasema, akaondoka.

Viatu vilikuwa vizito, vya kizamani, vimeshonwa maradufu kuzunguka soli yote. Bosi Mdogo hakuvijaribu. Jioni ile ile alimpa mlinzi wa getini. Alipanga kwenda kumwomba baba radhi mwisho wa wiki, halafu mwisho wa wiki uliofuata. Mwezi haukuisha, mama akapiga simu: kifua kimemzidi, njoo. Alimkuta ameshafunikwa.

Sasa mkono ule ulimsogezea pea ya viatu. Vyeusi. Mshono maradufu. Akavaa. Havikubana wala havikupwaya, na miguu yake ikapata raha ambayo haikuwa imeijua kwa miaka.

"Nikupe nini?" alinong'ona.

"Neno. Kesho utaulizwa nani amekushonea. Jibu vizuri, tutakuwa tumemalizana."

"Na nikikosea?"

Mtu yule alikohoa mara mbili.

"Viatu hivi havichakai."

Asubuhi, njia nzima, Bosi Mdogo alikariri jibu. Baba yangu. Baba yangu ndiye aliyevishona. Maneno mepesi, hata mtoto angeyasema. Akajiambia kwamba hii ndiyo nafasi yake, kwamba leo atamrudishia mzee heshima yake palepale alipomvunjia.

Wageni walifika saa nne, mkurugenzi akiwatangulia. Mmoja wao, mtu mzima aliyevaa suti, alitazama chini akasimama.

"Kijana, hivyo si vya dukani. Nani amekushonea?"

Wenzake wakainua macho, wale wale. Mkurugenzi alikuwa anatabasamu, anasubiri. Jibu lilikuwa pale ulimini.

"Fundi tu," Bosi Mdogo akasema.

Lilitoka lenyewe, kwa sauti ile ile ya siku ile.

Kwenye benchi la wageni, ambako hakukuwa na mtu, mtu akakohoa. Mara mbili.

"Asante, bosi."

Hakuna aliyegeuka. Wageni walikuwa wameshaanza kupanda ngazi. Lakini kitu kilianza kumkaza juu ya kisigino cha mguu wa kushoto, polepole, kama mtu anayefunga mzigo. Alikwenda chooni mbiombio, akajifungia, akashusha soksi.

Kamba.

Ilikuwa na mafundo matatu. Alitumia kucha, kisha akafuata mkasi wa ofisini. Mafundo mawili ya kipimo yalifunguka bila shida. La tatu lilikataa, na mkasi ukavunjika. Wengine huwekewa fundo moyoni. Yeye aliwekewa mguuni.

Jioni alipotoka, mlinzi alikuwa kwenye kiti chake getini, amevaa ile pea ya kwanza. Akatazama miguu ya Bosi Mdogo, akatazama yake.

"Kumbe alikushonea na nyingine. Hivi ulivyonipa wala havijaniuma hata siku moja. Hivi yule mzee alikuwa nani wako? Mmefanana sana usoni."

Hapakuwa na mtu mwingine wa kusikia.

"Alikuwa baba yangu." Akasubiri kamba ilegee.

Mlinzi aligeuka akatazama dirisha la mapokezi. "Siku ile nilimpa maji, akakaa hapa hapa, anakohoa. Nikamuuliza, mzee wangu, una mtoto humu ndani? Akasema hapana, kuna bosi mmoja tu ananipa kazi. Bosi mwema sana, akasema. Lakini macho hayatoki kwenye lile dirisha lako."

Bosi Mdogo alishika nguzo ya geti. Mzee alikuwa ameubeba uongo wa mwanawe mpaka nje, akautunza, ili mwanawe asiaibike. Alilia pale pale mbele ya mlinzi, na watu wanapita, na kwa mara ya kwanza hakujali nani anamwona. Kamba haikulegea.

Ule mlango mwembamba upo. Mwenye duka la vitambaa anasema ni stoo yake, na huwa ameufunga kwa kufuli. Labda ni kweli. Labda kuna fundi mwingine aliyefunzwa na mkono ule ule, na anakohoa vile vile.

Wenzake wamebadilisha viatu mara nyingi tangu hapo. Vya Bosi Mdogo havijapata hata mkunjo, na havimuumi. Akiulizwa, na hata asipoulizwa, humwambia kila mtu kwamba baba yake ndiye aliyevishona. Na jioni, ukumbi ukibaki mtupu, hukaa pembeni mwa benchi la wageni, miguu imevimba kwa kusimama kutwa, akanong'ona, "Baba."

Hujibiwa. Kwa upole, kila jioni, neno moja tu.

"Bosi."