Faili Lililokataa Kufutwa

Asubuhi ile menyu hazikuwepo. Hamida aliwasha kompyuta ya duka lake la kuchapishia, pale Mtanda, akafungua dirisha la mafaili, na kule juu palipokuwa na Faili, Hariri na Tazama pakawa patupu. Akabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya. Kikatokea kiboksi chenye neno moja tu, Fungua. Kufuta hakuna, kubadili jina hakuna. Akaguna, maana mashine za Linux alikwisha kuzizoea na visa vyake.

Kisha ikamjia harufu ya haludi, manukato ya kupungia pepo, na dukani hapakuwa na mteja.

Tusifichane, Hamida alijitakia mwenyewe. Juma lililotangulia mdogo wake Adija alipungwa pepo kule Mchinga. Ngoma ikachezwa, jini akapanda, akataja jina lake kwa kinywa cha Adija, akapewa alichotaka, akaaga. Fundi Abilahi, aliyempunga, akawakanya wote waliokuwepo: "Jina hili liishie hapa. Ukiliweka, umemweka na mwenyewe. Ukimtajia asiyekuwepo, umempelekea. Na mwili wa binti huyu hauhimili mara ya pili."

Hamida aliitikia kama wenzake, ilhali simu yake ilikuwa inarekodi mfukoni. Watu wa kuchapisha ndivyo walivyo, hawaachi kitu kipotee. Akaiingiza sauti ile kwenye kompyuta, na faili akalipa jina lilelile la jini, asije akalisahau. Mimi siliandiki hapa, wala usiniulize.

"Dada, mbona unaniita?" Adija aliuliza kutoka chumba cha nyuma ya duka alikolala.

"Sijakuita."

"Basi humo ndani kuna mtu ananiita."

Hamida akachukua simu. Akampigia binamu yake Fakihi, fundi wa kompyuta huko Kilwa Masoko, ambaye ndiye aliyemwekea hiyo Linux.

"Menyu zimepotea, kaka. Na kuna faili nataka kulifuta."

"Kidogo hicho. Shika Ctrl, gonga M."

Menyu zikarudi. Hamida akalichagua lile faili, akalifuta, likatoweka. Kabla hajashusha pumzi likarudi palepale, na menyu zikazima moja baada ya nyingine.

"Mipangilio imeharibika hiyo," alisema Fakihi. "Tuifute ianze upya."

Wakaifuta. Hamida akazima, akawasha, akasubiri, na wakati anasubiri haludi ilizidi, na kule nyuma kitanda kikaanza kugonga ukuta kwa mdundo uleule wa ngoma ya Mchinga, na sauti nzito ya kiume ikawa inacheka taratibu, na alipochungulia akamwona Adija amejikunja, macho yamegeuka meupe, midomo imekauka, anavuta pumzi kwa shida, kila moja fupi kuliko iliyotangulia, na Hamida akajua kwamba mdogo wake anakufa.

"Hamida, upo?" Fakihi aliuliza. "Menyu achana nazo. Tutalifuta kwa amri. Nitajie jina la faili nikuandikie, wewe utanakili tu."

Hamida akatupa jicho kule chumbani.

"Nitajie basi."

"Kaka," alinong'ona, "una udhu?"

Fakihi akacheka. "Faili nalo linataka udhu?"

Adija akakoroma. Hamida akafumba macho, akaiweka simu mdomoni, akalitaja jina, polepole, lote.

Harufu ikakatika. Alipofumbua macho faili halikuwepo, na amri yenyewe ilikuwa bado haijaandikwa. Menyu zote zilikuwa mahali pake. Adija akatoka chumbani akijishika ukutani.

"Dada, nina kiu."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Hamida akampa maji huku analia, akamshika mkono, akamshukuru Mungu kwa moyo wake wote.

Simuni kukasikika vitu vikianguka, kisha sauti ya chini ya Warda, mke wa Fakihi. "Wifi, Fakihi kakaa sakafuni anacheka, na sauti si yake. Mlikuwa mnaongea nini?"

Hamida akamtazama Adija anavyokunywa.

"Menyu tu, wifi," akasema, akakata simu.