Dua Niliyomwambia Mwandishi

— Ukurasa wa kwanza mume anazikwa, wa kumi anaoa! Maiti gani hiyo?

Mchumba wangu alicheka hadi miwani ikateleza. Mtaa mzima walimwita Mwandishi.

— Ndiyo ufundi wa riwaya, mpenzi. Kisengere nyuma: unaanzia mwisho, kisha unarudi ulikotoka. Usijisumbue, ploti yake imepindapinda. We nishonee tu kurasa, kesho zinakwenda kwa mhariri. Nakala ya simu ameshaisoma.

Aliamini darasa la saba langu halifiki huko. Akaenda zake kunyoa.

Lakini mimi ni fundi cherehani. Nguo huja mezani vipande: mgongo, mikono, kola. Nikazitandaza sura zote kwenye meza ya kukatia, nikazipanga kwa miaka: harusi, ugonjwa, msiba, posa. Aliyetokea pale mezani ni mimi.

Sura ya saba ikanikalisha chini. Mke anapiga magoti kando ya mumewe anayeteseka, anamwomba Mungu amchukue apumzike. Kabla hakujakucha, amechukuliwa. Dua ile nilimwambia mtu mmoja tu, siku aliponiposa. Hata wifi yangu, niliyemuuguza naye kaka yake, marehemu mume wangu, hakujua.

Mwandishi akarudi, kichwa kinang'aa.

— Siri yangu inafanya nini humu?

— Nimebadilisha jina, mpenzi.

— Wifi hasomi jina, anasoma kitanda cha kaka yake. Itoe.

— Nikiitoa, riwaya yote inaporomoka.

— Na mimi nikiporomoka?

Simu yake ikalia. Ujumbe wa mhariri: "Sura ya saba imeniliza. Usiguse hata nukta." Akausoma kwa sauti, anatabasamu!

— Huyo mjane mwishowe anaolewa?

— Mwisho nimeuacha wazi. Msomaji ajimalizie.

— Na sisi?

Akaanza kukusanya kurasa, akiitafuta kwanza ile sura ya saba.

— Haya baba, na mlango nao uko wazi. Pita.

Alipotoka tu, nikapiga simu.

— Wifi, njoo. Kuna neno la kaka yako, nataka ulisikie kinywani mwangu.

— Mbona wanitisha, wifi?

— Njoo tu.

Alikuja, akasikiliza mpaka mwisho, akainuka bila kugusa chai.

Kitabu kimetoka, nasikia wanakisifu. Wifi hanisalimii tangu siku ile. Nami kila nikipiga magoti, naanza na jina lake.